Listi mbili za profu ni listi moja: namna ya kujifunza tamathali na aina za hadithi

Mwanafunzi mmoja wa huku Goma, upande wa Ndosho, ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo tu: "Mwalimu jambo. Niko mwaka wa tano sekondari. Profu alitupatia listi ya tamathali za usemi karibu arobaini na listi ingine ya aina za riwaya, anataka tushike zote kwa kichwa. Nyumbani nazijua, siku ya intero (ule mtihani mdogo wa darasani) nachanganya sitiari na metonimi, kinaya na kejeli, na ile fantastiki njo siielewi hata kidogo. Halafu mi napenda kuandika hadithi na sioni hizi listi zinanisaidia nini. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, asante, na zaidi asante kwa kusema wazi ni wapi unachanganya, juu wengi wanasemaka tu "literatira ni nguvu" na hapo mwalimu hajui aanzie wapi. Nitakujibu kirefu, vumilia. Na kitu moja nataka uishike kabla ya yote: zile listi mbili ni listi moja. Aina ya hadithi inaamua msomaji atangojea nini, tamathali njo zinamfanya angojee. Ukijifunza moja bila ingine utakariri mpaka uchoke na hautaandika hata ukurasa.

Kwanza kwa nini unachanganya. Ni juu ulishika jina na mfano wake mmoja. Sitiari, Juma ni simba. Tashihisi, upepo unaimba. Siku ya intero profu haleti Juma wala simba, anakata sentensi kwenye ukurasa wa katikati ya riwaya, na wewe unatafuta simba hauioni, unaanza kubahatisha. Basi acha jina likae pembeni kidogo. Mbele ya sentensi yoyote jiulize swali moja: haya maneno nikiyaondoa, nikasema jambo lilelile kwa njia ya kawaida, nini inapotea? Kile kinapotea njo jibu, jina litafuata. Na kama hakuna kitu kinapotea basi mwandishi hakufanya kazi pale, hata kama sentensi yake imejaa "kama" na "mithili ya", na uko na haki ya kuandika hivyo kwenye karatasi yako.

Tuende kwa sitiari na metonimi (hii ya pili kwenye vitabu vya Kiswahili utaikuta kwa jina la taashira). Zote mbili zinaita kitu kwa jina la kitu kingine, njo maana kwa macho zinafanana. Tofauti iko kwenye njia ya kutoka kitu kimoja kufika kingine. Sitiari inapita njia ya kufanana. Nikisema "mto wa moto ulishuka mpaka mjini", lava na mto havikai pamoja, lakini vinafanana, vyote vinatelemka, vyote vinafuata mabonde, hakuna mtu anaviambia simama. Metonimi inapita njia ya ujirani. Nikisema "Birere haikulala usiku ule", nyumba za Birere, mtaa wa hapa Goma, hazifanani na watu hata kidogo, watu wanakaa mule tu. Vilevile "Kinshasa imekataa", "nimekunywa chupa mbili", "tumesoma Shaaban Robert muhula mzima", hapo hakuna kufanana, kuna jirani anaitwa kwa jina la jirani yake, kilichomo ndani kwa jina la chombo, kitabu kwa jina la mtunzi wake, wenye mamlaka kwa jina la mji wao. Na kama ni sehemu inasimama kwa kitu kizima, "niko na vinywa vinane vya kulisha", profu wako ataiita sinekdoki, usiogope, ni mtoto wa metonimi.

Kipimo chake ni rahisi na hakijanidanganya. Weka "kama" katikati uone. "Lava ilishuka kama mto", inakubali, basi ilikuwa sitiari. "Watu wako kama Birere", haikubali, haina maana, basi ni metonimi. Ukifanya hivyo mara kumi na sentensi za redio na za sokoni hautachanganya tena.

Na usifikiri ni mambo ya darasani tu. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha mzaliwa wa Urusi, mwaka 1956 alichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa wenye ubongo wao uliumia wakapoteza lugha, na akaonyesha kwamba hizi njia mbili ziko kweli ndani ya kichwa cha mtu. Kuna wagonjwa njia ya kufanana ilikatika, wakabaki na ujirani, mtu anataka kusema kisu anasema uma, anataka kusema taa anasema meza. Wengine ni kinyume, ujirani ulikatika, kufanana kulibaki, chombo cha kuangalia vijidudu anakiita darubini ya kuangalia mbali. Jakobson akaenda mbele akasema mashairi yanaegemea sana sitiari na riwaya za uhalisia zinaegemea metonimi. Shika hiyo, tutairudilia kwenye upelelezi.

Tashibihi na sitiari nazipita haraka. Tashibihi inaacha "kama" mlangoni, msomaji anaona vitu viwili na anajua viko viwili, sitiari inamfungia ndani. Kitu cha kuangalia zaidi ni sitiari zilizokufa, zile tunasemaka kila siku hatuzioni tena, mkono wa kiti, mguu wa meza, mdomo wa volkano. Mwandishi mzuri anaweza kufufua moja. "Mdomo wa volkano" peke yake imekufa, hakuna mtu anaona mdomo, lakini andika "miaka kumi na tisa mdomo wa Nyiragongo ulinyamaza na sisi tukadhani imesahau neno", sasa mdomo umerudi kuwa mdomo, mtu wa Goma, mwenye anaishi chini ya ile volkano, anasikia ndani yake miaka ya 2002 mpaka 2021, kati ya milipuko miwili. Maneno machache tu yaliongezeka.

Chuku kila mtu anaijua, kukuza jambo kupita kiasi. Ndugu yake wa upande wa pili, litoti, kusema kidogo ili kusikilizishe kikubwa, hiyo watoto wa shule wanaipuuza na mi naona ni bahati mbaya, juu huku kwetu njo lugha ya watu wenye waliona mambo. Muulize mzee mwenye nyumba yake iliingia chini ya lava, atakuambia "tuliona kidogo", basi, ananyamaza, anauliza habari ya nyumbani kwenu. Jaribu kubadilisha na chuku, "tuliona mateso yote ya dunia", nguvu yote inatoka. Kwa nini? Kwa chuku msikilizaji anapunguza mwenyewe, anasema huyu anaongeza. Kwa litoti msikilizaji anaongeza mwenyewe, na kile anaongeza kinatoka kwenye moyo wake. Ukiandika juu ya msiba, ya vita, ya njaa, anza na litoti, chuku iweke mbali.

Kitu kingine, tanakali za sauti. Kiswahili ni tajiri sana hapa na usiache Kifaransa cha shuleni kikutie haya. Kimya jii, nyeusi ti, nyeupe pe, akaanguka pu, jiwe likaingia majini chubwi. Moja tu mahali pake inaokoa mistari mitatu ya maelezo. Mbili kwenye sentensi moja, unaharibu.

Sasa kinaya. Kejeli iko na mtu wa kuchomwa. Mwanafunzi amechelewa saa mbili, profu anasema "karibu, leo umewahi sana", ile ni kejeli, na mule ndani imetumia kinaya ya maneno juu kinachosemwa ni kinyume cha kinachotakiwa kusikika. Njo sababu unavichanganya, kejeli inakopaka nguo za kinaya. Lakini kinaya kubwa, ile ya riwaya na michezo ya kuigiza, haichomi mtu. Kuna kinaya ya hali, mambo yanageuka kinyume cha vile watu walipanga. Na kuna kinaya ya kitamthilia, msomaji anajua kitu chenye mhusika hajui, na hiyo nataka tukae nayo kidogo.

Kwa wasomaji wenye hawako wa huku: mazuku ni gazi ya kaboni, ile CO2, inayotoka chini ya ardhi kwenye mawe yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, basi inajaa kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema pale hakuna upepo. Haionekani kwa macho. Mbuzi akishuka mule hatoki, mtu akilala mule hatoki. Mtoto wa Goma anajulishwa hiyo habari angali mdogo.

Sasa andika hivi. Familia imefika usiku kutoka mbali, hawajui mtu, wanatafuta mahali pa kulala karibu na ziwa. Mama anaona kashimo kati ya mawe ya lava, anamwambia mtoto: "Lala hapa mwanangu, hapa hakuna upepo, baridi haitakufikia." Msomaji wa Goma nywele zimesimama. Mama anasema kwa upendo, kila neno lake ni la upendo, na ile kukosa upepo njo inaua. Hakuna kejeli pale, mwandishi hamcheki mama hata chembe. Ni kinaya ya kitamthilia tupu na ni kati ya vitu vikali kabisa unaweza kufanya kwa kalamu.

Na ukiielewa hiyo umeelewa taharuki palepale. Ficha habari ya mazuku mpaka asubuhi, halafu mtoto hafungui macho, msomaji anashtuka dakika moja, huo ni mshangao. Mpe habari ya mazuku mapema, halafu mama atandike kitenge, arekebishe kichwa cha mtoto, aimbe kidogo, amkumbuke bibi, taharuki inakaa usiku mzima na kila jambo la kawaida linakuwa zito. Sasa msomaji wa Mombasa ao wa Kindu mwenye hajui mazuku utamfanya nini? Hapo inaingia kidokezo, vitabu vingine vinasema kisengere mbele: ukurasa wa pili, wakiwa bado njiani, mtoto anaona mbuzi amelala chini ya shimo, hana jeraha, motari, mtu wa pikipiki, anapita haraka na anafunga mdomo kwa mkono. Usielezee. Mbuzi akumbukwe tu pale mama anatandika kitenge.

Ishara inachanganyaka watu na sitiari pia, basi neno moja. Sitiari inaishi kwenye sentensi, ishara inaishi kwenye hadithi nzima na ni kitu cha kweli mule ndani. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo, kwenye hadithi yako inabeba makaa kwanza, ni mbao na magurudumu. Kama inarudi mara tatu, kama kila ikirudi iko mikononi mwa mtu mwingine, kama siku inavunjika na familia inavunjika, imekuwa ishara. Profu akikuuliza "kwa nini unasema ni ishara" jibu liko kwenye kurudi na kubadilika, haliko kwenye mawazo yako ya uzuri wake. Kitu chenye kimetajwa mara moja tu kiache kiwe kitu.

Sasa listi ya pili. Kwanza toa ndani yake vitu vyenye haviko vya mule, juu maprofu wengi wanachanganya kwenye karatasi moja: riwaya, hadithi fupi, ngano, tamthilia, hayo ni maumbo, yanasema kitu kimeandikwaje na kirefu gani. Upelelezi, mapenzi, kutisha, sayansi, historia, hizo ni aina, zinasema msomaji ametiwa swali gani. Hadithi fupi inaweza kuwa ya upelelezi, na tamthilia pia. Kuzitofautisha ni hivi, nitachukua jambo moja tu, mtu mgeni amekutwa asubuhi amekufa ndani ya shimo la mawe kando ya ziwa, na utaona linageuka kila mara.

Upelelezi. Swali ni nini ilitokea na nani alifanya. Yule Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa mwaka 1841 hadithi yenye wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya upelelezi wa kisasa, na Kiswahili kilipata mpelelezi wake Bwana Msa kwa mkono wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1960. Hadithi ya upelelezi inabeba hadithi mbili, moja imekwisha kabla ya ukurasa wa kwanza, ile ya kifo, na moja inatembea mbele ya macho yetu, ile ya kutafuta, na ya pili inaichimbua ya kwanza. Tamathali yake mama ni metonimi, unaona sasa? Jivu, alama ya kiatu, kipande cha kitambaa, kila dalili ni jirani wa jambo lenye halionekani. Kwenye shimo letu kuna taa ya mafuta, mafuta yamo, utambi uko mzima, lakini ilizimika. Polisi anaipita. Mpelelezi anainama, anasimama haraka, anarudi nyuma. Taa yenye mafuta inazimika juu moto umekosa hewa. Basi ni mazuku, ajali, mambo imekwisha? Hapana, njo inaanza: mtu mgeni hakujua ile sehemu, nani alimwelekeza alale pale? Na kuna sheria moja ya heshima, ile taa msomaji lazima aione mapema kama mpelelezi, ukimfichia umemwibia.

Msisimko, ile watu wanaita thrila, swali linageuka, haiko tena "nani alifanya", ni "atafika kwa wakati?" Tunajua tayari nani alimwelekeza, na sasa anaelekeza mtu wa pili, na kijana wa pikipiki mwenye anajua ukweli amekwama kwenye barabara. Hapo kinaya ya kitamthilia njo inafanya kazi yote. Mapenzi, swali ni watakutana ao hawatakutana na nini iko katikati yao, sitakaa sana hapo, ila jua tu kwamba bila kizuizi cha kweli hakuna hadithi ya mapenzi, kuna barua. Kutisha, msomaji hangojei jibu, anangojea kitu kifike na hataki kifike, na hapo litoti na taswira za mwili zinashinda damu nyingi.

Fantastiki sasa, ile ulisema hauielewi. Kuna mtu anaitwa Tzvetan Todorov, mzaliwa wa Bulgaria aliyefanyia kazi yake Ufaransa, mwaka 1970 alitoa kitabu kizima juu yake na profu wako karibu hakika anatoka mule. Anasema fantastiki ni kusita. Jambo la ajabu limetokea, na msomaji, mara nyingi pamoja na mhusika, anakaa katikati ya maelezo mawili, moja la kawaida, moja la nguvu zisizoonekana, na hadithi haimruhusu kuchagua. Ikichagua la kawaida, tumetoka kwenye fantastiki tumeingia kwenye hadithi ya mambo mageni yenye yanaelezeka. Ikichagua la pili, tumeingia kwenye hadithi ya miujiza. Fantastiki yenyewe ni mstari mwembamba kati ya hizo mbili.

Kwa shimo letu. Mgeni hakufa, walimvuta nje kwa kamba, akaamka, akasimulia kwamba mule chini alisikia mama yake, aliyekufa zamani, akimwita jina la utotoni, na alitaka kubaki. Gazi ile inachanganya akili kabla ya kuangusha mtu, hilo ni kweli. Basi daktari anasema ni gazi. Lakini jina la utotoni, mzee mwenye alishika kamba naye alilisikia, na mzee hakushuka. Kama hadithi inaishia hapo, ni fantastiki. Kama ukurasa wa mwisho unaonyesha mzee alilisoma lile jina kwenye barua, ni mageni. Kama mama anatoka shimoni, anakaa, anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pamoja na wote, na hakuna mtu anashangaa, ni miujiza, na hiyo ya kutoshangaa katikati ya maisha ya kawaida kabisa njo wengine wanaita uhalisia wa ajabu.

Najua swali lako linalofuata, juu kila mwaka linatoka darasani: "Mwalimu, lakini huku wengi wanaamini mizimu iko kweli, sasa fantastiki itakuwa wapi?" Ni swali la maana sana na usikubali mtu alicheke. Jibu ni kwamba haupimi kwa imani yako wala ya profu, unapima kwa ulimwengu wa ndani ya hadithi. Riwaya ya Lomami Tshibamba, Mkongo mwenzetu, ya mwaka 1948, inaweka mamba na roho za majini kuwa sehemu ya maisha, na kijana anachukuliwa na mamba na wakubwa wanajua ni kazi ya nani. Wahusika hawasiti kati ya maelezo mawili, basi haiko fantastiki ya Todorov hata kama Mzungu akisoma anaona ni ajabu tupu. Ukiandika hivyo kwa intero na ukaonyesha mstari wenye wahusika hawasiti, hakuna profu mwenye haki atakunyima pointi.

Na tamathali za fantastiki ziko wapi? Todorov mwenyewe alionyesha, ni vile vineno vya kusita, "ilionekana kama", "nadhani", "sijui kama nilisikia", ukivitoa fantastiki inaanguka palepale. Pia msimulizi wa "mimi", juu "mimi" anaweza kukosea na bado hatuwezi kumwita mwongo. Na ya tatu ni nzuri kabisa: sitiari ikichukuliwa neno kwa neno. Kila siku watu wanasema "ardhi imemmeza". Andika hadithi yenye ardhi inameza kweli.

Bunilizi ya sayansi wengi wanafikiri ni roketi. Mary Shelley, Mwingereza, alikuwa na miaka 20 pale riwaya yake ya mwanafunzi wa sayansi mwenye anaunda kiumbe ilitoka mwaka 1818, na hamna roketi mule. Swali lake ni "ingekuwaje kama", na lile "kama" lazima lisimame juu ya elimu, halipewi na mizimu. Na wewe umekaa juu ya hazina. Chini ya ziwa Kivu kuna CO2 na metani nyingi zimeyeyuka ndani ya maji. Upande wa Rwanda wanaitoa ile metani wanafanya umeme. Na kule Kamerun, usiku wa 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa CO2 kwa mara moja na watu zaidi ya 1,700 walikufa. Ingekuwaje kama mji wetu mzima ungeishi na mashini za kupima hewa kwenye kila kitanda, na siku moja mtoto anagundua kuna mtaa mashini zake hazijawahi kuwaka? Hakuna kitu cha uongo mule isipokuwa zile mashini, na tayari ni bunilizi ya sayansi. Chuku inafanya kazi hapa, kuchukua kitu kidogo cha leo na kukivuta mpaka mwisho wake.

Historia iko na nidhamu yake. 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika ziwani. 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ilitoka tena lakini ilisimama pembezoni mwa mji. Ukiandika riwaya ya 2021 na lava inaingia ziwani, msomaji wa hapa anafunga kitabu. Mhusika wako ni wa kubuni, lava haiko ya kubuni. Na mhusika asijue kesho yake, mtu wa tarehe 16 Januari 2002 yuko sokoni anabishana bei ya sombe.

Istiara nitaisema kwa mstari mmoja tu, ni sitiari yenye imerefushwa ikawa hadithi nzima, na mfano wake wazi kwa Kiswahili ni Kusadikika, ile nchi ya kubuni ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, yenye kijana anashtakiwa juu anataka watu wasome sheria. Kila kitu mule kinasimama kwa kingine kwa mpangilio, hiyo njo tofauti na ishara moja moja.

Sasa intero. Jibu zuri liko na vitu vitatu kwa pumzi moja, jina, maneno yenyewe ya kitabu, na kazi yake, na wengi wanatoa jina tu wanaacha. Kwa ile sentensi ya mama, mi ningeandika: "Mwandishi anatumia kinaya ya kitamthilia kwenye maneno 'hapa hakuna upepo', juu msomaji ameshaona mbuzi aliyekufa na anajua kukosa upepo ni hatari, na mama anadhani ni usalama, kwa hiyo upendo wa mama unageuka chanzo cha taharuki." Mistari mitatu. Kama haukumbuki jina, andika ile kazi tu bila jina, bado ni bora kuliko jina bila kazi.

Kwa kuandika kwako, chukua jambo moja la mtaa wako na uandike sentensi ya kwanza tu, kwa aina sita tofauti, uwasomee rafiki bila kuwaambia aina gani. Wakikisia sawasawa, endelea na ile yenye waliomba "halafu?" Wasipokisia, rudi uangalie tamathali gani uliweka mule, karibu kila mara utakuta umeweka sitiari nzuri mahali palitakiwa dalili, ao umeelezea mahali palitakiwa kusita. Andika kwa Kiswahili hiki chako kwanza, juu "tuliona kidogo" ya mzee wako haitakuja kwa Kifaransa. Ile ya shule utaifanya kwa Kifaransa vile wanataka.

Na kama intero iko wiki hii, usiguse arobaini zote. Chukua metonimi na kipimo cha "kama", kinaya zote tatu, litoti, na yale maelezo mawili ya fantastiki, ufanye kila moja kwa sentensi tano ulizosikia mwenyewe leo, kwenye basi, kanisani, kwenye maji. Zile zingine thelathini nyingi ni watoto wa hizo, na wiki ijayo ukiniletea zenye zinabaki nguvu kwako tutazichukua moja moja.